Maswali ya Wasomaji: Lenzi Zote 90, Mbona Bei Hazifanani?

Safari hii barua nyingi zimekuja na jambo moja, lenzi za zile kamera kubwa za filamu ya kipande kimoja kimoja, 4x5 na 8x10 (ukubwa wa filamu kwa inchi). Sijui kimetokea nini, nadhani watu wamechoka na simu. Nimechagua nne, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ukiielewa hiyo nyingine zote zinakuwa nyepesi.

SWALI: Assalam alaykum fundi. Mimi niko Unguja, Mji Mkongwe. Nimepata kamera ya 4x5 ya mbao, imetumika ila nzima, lenzi haina. Tangu Beit al Ajaib iporomoke ile Desemba 2020 nina hamu ya kuzipiga nyumba za zamani kabla hazijaondoka. Hapa mtaani kuna moja, kwenda juu ni kama mita 12, na mbele yake pana uwazi wa mita 10 tu halafu ukuta wa nyumba ya pili. Nimeambiwa nitafute lenzi ya milimita 90. Nimetafuta nimeziona tatu: Schneider Angulon f/6.8, Schneider Super-Angulon f/8, na Nikkor-SW f/8. Zote 90! Lakini Angulon ni rahisi kuliko wenzake na ni kadogo kweli kweli. Tofauti ni nini? Nisije nikatupa pesa. (Mpiga picha wa Mji Mkongwe)

JIBU: Waalaykum salaam sheikh. Zote ni 90 ndiyo, na ukizifunga moja moja kwenye kamera hiyo hiyo bila kusogeza tripodi, nyumba itakuja na ukubwa ule ule kwenye kioo cha nyuma unachotazamia picha. 90 ni urefu wa fokasi wa lenzi, inakwambia hicho tu, kitu kitakuwa kikubwa kiasi gani kwenye filamu. Haikwambii lenzi inafunika eneo gani huko nyuma, na bei unazoziona zimepishana hapo.

Lenzi yoyote inamwaga picha ya duara, kama tochi ukutani, katikati safi, ukienda pembeni inaanza kuvurugika halafu giza. Filamu yako ya mstatili inatakiwa ikae ndani ya lile duara. 4x5 kwa jina ni inchi 4 kwa 5 lakini ikishaingia kwenye hoda (kile kibebeo cha filamu) sehemu inayopata picha ni kama milimita 95 kwa 120, kona mpaka kona ni 153. Kwa hiyo lenzi yenye duara chini ya 153 itakupa kona nyeusi, haina mjadala.

Sasa zile tatu zako. Angulon f/6.8 duara lake ni milimita 154. Super-Angulon f/8 ni 216. Nikkor-SW f/8 ni 235. Hizi ni namba za watengenezaji wenyewe, apecha (tundu la kupitisha mwanga) imefungwa mpaka f/22, namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo, na lenzi imefokasi mbali kabisa, na ukilinganisha lenzi mbili hakikisha zote zimepimwa hivyo hivyo maana muuzaji mwingine anakuchukulia namba ya kufokasi karibu akakuwekea kama ndiyo ya kawaida.

Utasema mbona Angulon ina 154 na mimi nahitaji 153, si inatosha? Inatosha, ukipiga wima bila kusogeza kitu. Na wewe unapiga majengo, kusogeza ndiyo kazi yenyewe. Ukiinua kamera nzima kuangalia juu, kuta zinaanza kulaliana kuelekea kileleni, nyumba inaonekana inaangukia nyuma. Dawa yake kamera inabaki wima kabisa, weka pima maji, halafu unanyanyua stendi ya mbele yenye lenzi. Hapo duara linapanda na lenzi, filamu imebaki palepale, yaani filamu sasa imekaa kwenye ukingo wa duara badala ya katikati. Angulon ukiinyanyua hata milimita moja tu kona imeshakwenda.

Tuchukue nyumba yako hiyo hiyo. Uko mita 10, lenzi ni 90, kwa hiyo kila mita moja ya nyumba inakuwa milimita 9 kwenye filamu. Mita 12 ni milimita 108. Filamu ukiisimamisha ina 120, nyumba inaingia na inabaki nafasi kidogo juu na chini, milimita 6 kila upande. Vizuri mpaka hapo. Lakini kamera yako iko kwenye tripodi, mita moja na nusu kutoka chini, kwa hiyo kutoka usawa wa lenzi kwenda chini kuna milimita 13.5 tu na kwenda juu kuna 94.5. Nyumba karibu yote iko juu ya lenzi! Ili ikae katikati ya filamu inabidi unyanyue kama milimita 40. Na duara linalotakiwa kwa kunyanyua hivyo, nimelipigia hesabu, ni kama 222.

Sasa ona. Nikkor ina 235, imepita na chenji imebaki. Super-Angulon ina 216, filamu ikiwa wima inakuruhusu kunyanyua kama milimita 37, umekosa tatu na kitu, basi. Ukirudi nyuma mita moja inakaa katikati vizuri tu, ila umesema mgongoni pana ukuta. Angulon usiiwaze kwa kazi hii ukiwa chini barabarani.

Kama hesabu inakuchosha fanya hivi: chukua bikari, chora duara la milimita 216 kwenye karatasi kubwa na la 235 kwenye nyingine, weka alama ya katikati. Halafu kata kadi ngumu ya 95 kwa 120, nayo itie alama katikati. Iweke kadi juu ya duara alama juu ya alama, anza kuisukuma kuelekea ukingoni, kona mbili za mbele zikigusa mstari simama, pima kwa rula umbali kati ya alama mbili. Hicho ndicho kiasi unachoweza kunyanyua. Kisha izungushe kadi ilale, utaona namba zinabadilika, ikilala inapanda zaidi. Kwa Super-Angulon ikilala unafika 42, ikisimama 37. Watu wengi hawalijui hili, wanasoma namba moja kwenye tangazo wanadhani ni hiyo hiyo kila upande.

Ila kuna njia ya tatu, na mimi ningeijaribu kabla ya kutoa hata shilingi ya lenzi kubwa. Huo ukuta ulio mgongoni kwako si ni nyumba ya watu? Bisha hodi, omba dirisha la ghorofa ya kwanza. Kamera ikiwa kwenye mita 6 hivi uko katikati ya urefu wa jengo, nusu juu nusu chini, huhitaji kunyanyua chochote na hata Angulon yenye duara la 154 inafanya kazi, ikifungwa f/22. Hasara yake ni kwamba mlango wa nakshi utauona kutoka juu, na kwa nyumba nyingi za huko mlango ndiyo uso wa nyumba, sasa hapo uamuzi ni wako.

Pesa ikiruhusu chukua Nikkor. Siyo ya kuogopesha kwa uzito, filta yake ni ya milimita 67 na inakaa kwenye shata ya Copal 0, saizi ndogo (Copal 1 na 3 ni kubwa zaidi). Kuna Super-Angulon nyingine ya 90 yenye f/5.6, nayo duara lake ni 235, inakupa mwanga zaidi kwenye kioo wakati wa kufokasi, na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe mwanga ni tabu kweli, lakini ni kubwa, filta ya 82, kwenye kamera ya mbao stendi ya mbele inaweza kuinama kwa uzito. Zote utazipata kwa mkono wa pili tu, Nikon walitangaza kuachana na lenzi hizi mwaka 2006.

Jambo la mwisho sheikh, kabla hujalipa nyanyua stendi ya kamera yako mpaka mwisho, pima kwa rula. Kamera nyingi za mbao za kukunja hazifiki milimita 40. Na ukiwa na lenzi fupi kama 90 ule mfuko wa mikunjo kati ya mbele na nyuma unakuwa umebanwa sana, unagoma kupanda, au mkunjo wenyewe unaingia kwenye njia ya mwanga unakukatia picha halafu unakuja kuilaumu lenzi.

SWALI: Habari kaka. Nipo Mombasa. Nina Symmar-S 210 f/5.6, naitumia kwa 4x5 na naipenda sana kwa sura za watu. Sasa nimeazimwa kamera ya 8x10. Naweza kutumia lenzi hiyo hiyo au ni lazima ninunue nyingine? Kuna mtu ananiuzia Nikkor-T 360, anasema "360 ni ndefu, lazima itafunika". Ni kweli? (Dada wa Nyali)

JIBU: Salama dada. Huyo wa 360 mwambie ahsante, tutaonana. Nikkor-T ni lenzi ya tele, imetengenezwa iwe fupi kuliko inavyotakiwa ili usihitaji kamera yenye mfuko mrefu, na gharama ya ujanja huo ni pembe nyembamba. Duara lake ni 210 tu. Filamu ya 8x10 ndani ya hoda ni kama 194 kwa 245, kona mpaka kona kama 312. Utapata shimo la mwanga katikati ya karatasi kubwa nyeusi. Hiyo 210 yako ndogo inafunika zaidi yake kwa mbali! Urefu wa lenzi peke yake hausemi kitu, angalia na aina yake.

Symmar-S 210 duara lake ni 294. Kwa mandhari, Fort Jesus kutokea baharini na kadhalika, haifiki, kona zitakuwa zimeliwa kidogo. Lakini wewe unapiga sura na hapa una bahati. Hizo 294 ni za kufokasi mbali kabisa. Ukifokasi karibu lenzi inasogea mbele mbali na filamu na duara linakua. Mtu akikaa mita mbili kutoka kwenye lenzi duara limeshafika kama 328, umefunika 8x10 na kuna kapengo kadogo. Mpaka mita tatu na nusu hivi bado unafunika, akirudi nyuma zaidi ya hapo kona zinaanza kuondoka. Na ukipiga kitu kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1, duara linakuwa mara mbili, ndiyo maana wapiga picha za vito na sarafu huwasikii wakilalamika mambo ya duara.

Ila angalia, namba hizo ni za f/22, na picha ya sura watu wanapenda apecha wazi. Ukipiga f/5.6 kona zitakuwa laini na nyeusi kidogo. Kwa sura mimi naona inapendeza, mwingine ataiona ni dosari. Tena 210 kwa 8x10 ni lenzi pana, ukimsogelea mtu sana pua inakuwa kubwa, atakununia.

Ukitaka lenzi moja ya 8x10 ya kukaa nayo tafuta ya 300, na hapa pana mbili zinazofanana kwa sura kabisa. Nikkor-M 300 f/9, duara 325. Fujinon-C 300 f/8.5, duara 380. Zote ndogo, filta ya 52, shata ya Copal 1, zote mtu anaweka mfukoni. Ukiangalia haraka utasema 325 na 380 ni tofauti ndogo. Sasa lalisha filamu ya 8x10 uhesabu: Nikkor-M inakupa kunyanyua milimita 10 tu, Fujinon inakupa 48! Milimita 55 za duara zimezaa karibu mara tano ya nafasi ya kusogea. Sababu ni kwamba 325 iko mpakani pale pale, karibu duara lote linaliwa na filamu yenyewe. Kwa sura za watu Nikkor-M tosha kabisa, ni kali sana ile. Kwa majengo ya Old Town ningesubiri Fujinon hata kama ni miezi. Kuna na Nikkor-W 300 f/5.6 yenye 420, ila hiyo ni gogo, Copal 3, hakikisha kamera ya kuazimwa inaibeba, usije ukarudisha kamera ya watu imevunjika stendi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, Dodoma. Nimerithi lenzi ya zamani kwa babu, haina jina linalosomeka wala sijui duara lake, na kwenye mtandao kila mtu ana jibu lake. Kuna namna ya kujua bila kupoteza filamu? Na kwa nini namba zote zinaandikwa za f/22? (Mjukuu)

JIBU: Marahaba mjukuu. Ipo, na haili filamu hata moja.

Funga lenzi kwenye kamera, elekeza dirishani au mbinguni, fokasi kitu cha mbali, fungua apecha yote na shata iache wazi. Angalia kile kioo cha ukungu cha nyuma, vingi vimekatwa kona makusudi. Weka jicho kwenye ile kona iliyokatwa, uchungulie kuelekea kwenye lenzi. (Kama hakijakatwa kitoe, weka jicho mahali kona ya filamu ingekaa.) Utaona tundu la apecha. Likiwa duara zima, kona hiyo inapata mwanga wote. Likiwa limebanwa limekuwa kama jicho la paka, ina maana pipa la lenzi lenyewe linakata mwanga upande mmoja. Sasa huku jicho lako liko hapo hapo anza kufunga apecha pole pole, f/8, f/11, f/16. Tundu linakuwa dogo, na mahali fulani utaona lile jicho la paka limegeuka mviringo kamili. Hapo ndipo lenzi yako inapoanza kuifunika kona ile. Ukiona hata f/32 bado limebanwa, au hulioni kabisa, basi haifiki.

Kisha nyanyua stendi milimita tano tano, rudia. Pale mviringo unapovunjika andika namba, ndicho kipimo chako cha kweli cha lenzi ile kwenye kamera ile.

Na hapo umejijibu kwa nini f/22. Kufunga apecha kunaondoa ule mkato wa pipa na kunasafisha pembeni, kwa hiyo duara linakua kadiri unavyofunga, mpaka linafika mahali halikui tena. Watengenezaji wakachukua f/22 kwa sababu ndipo watu wengi wanapigia kamera hizi. Ukipiga f/8 usidai duara la f/22.

Lakini kipimo cha jicho la paka kinapima mwanga tu, hakipimi ukali. Lenzi nyingi za zamani zinamwaga mwanga mpaka mbali lakini pembeni picha ni uji. Kwa hiyo chukua kioo cha kukuzia, kiweke kwenye kona ya kioo cha ukungu, tafuta kitu chenye mistari, matawi au nyaya za umeme, uone kama yanasomeka ukifunga f/22. Ukijua na urefu wa lenzi unaweza kukisia: lenzi za vioo vinne aina ya Tessar zinafunika pembe ya nyuzi 55 mpaka 60 hivi, za vioo sita kama Symmar nyuzi 70, zile pana kama Super-Angulon nyuzi 100. Ya nyuzi 70 duara lake ni urefu mara 1.4, yaani 150 inatoa 210.

SWALI: Mkuu, kwa kifupi, si bora mtu anunue tu lenzi yenye duara kubwa kuliko zote akamaliza? Napiga 4x5, mandhari, natembea sana kwa mguu. (Mpanda milima, Moshi)

JIBU: Hapana bwana, na wewe unayepanda mlima ndiyo kabisa usifanye hivyo. Schneider walitengeneza Super-Symmar XL 150, duara 386, inafunika mpaka 8x10. Inataka filta ya 95, uzito wake utaujua ukifika kambi ya pili. Symmar-S 150 ya kawaida, duara 210, filta ya 49, filamu ikilala unanyanyua milimita 38. Kamera yako ya kukunja inanyanyuka ngapi? Kama ni 30 basi duara lote lililobaki unalibebea nani?

Na halibaki bure tu, linadhuru. Mwanga ambao hauangukii filamu unaangukia kwenye kuta za ule mfuko wa mikunjo, unaruka ruka mle ndani, unakuja kutua kwenye filamu kama ukungu, vivuli vyeusi vinakuwa kijivu. Juu ya theluji au mawingu meupe ndiyo utauona vizuri. Mwenye lenzi ya duara kubwa ni lazima abebe na kivuli cha lenzi cha kuvuta, kile cha kuzuia mwanga wa pembeni, mzigo mwingine huo.

Kwenye mandhari wewe hunyanyui sana, unainamisha lenzi mbele ili majani ya karibu na kilele vyote viwe vikali. Kuinamisha nako kunakula duara, ila si kingi: lenzi ya 150 ukiiinamisha nyuzi 5 duara linahama milimita 13, ya 90 linahama 8, ya 210 linahama 18. Ongeza hiyo kwenye kiasi unachonyanyua kwa kawaida, halafu tafuta lenzi inayotosha na akiba ya milimita 10 hivi. Kwa 4x5 na 150 utajikuta umerudi kwenye duara la 210 mpaka 230, ambazo ndizo ziko nyingi sokoni na ndizo nyepesi.